Mume wangu anataka tuuze kiwanja akadungwe seli shina

Shikamoo Mama Mshauri,

Naomba jina langu lisitajwe. Nina miaka 38, ni mwalimu na mama wa watoto wawili. Mume wangu alipata ajali ya gari miaka mitatu iliyopita akaumia uti wa mgongo. Kuanzia kitovuni kwenda chini hana hisia, na miguu haisogei kabisa. Mikono yake ni mizima, akili yake inanishinda hata mimi, na kazi yake ya uhasibu anaifanyia nyumbani. Mwaka wa kwanza tulilia. Baadaye tukajifunza. Mimi namgeuza usiku asije akapata vidonda vya kulalia, na yeye amejua kujiwekea mpira wa mkojo mwenyewe na kujihamisha kutoka kitandani hadi kwenye kiti bila kunisubiri. Nilidhani tumeshavuka.

Miezi michache iliyopita akaanza kulala na simu. Nikizinduka usiku namkuta mwanga umemmulika usoni, anatazama video ileile ya kijana anayesimama kati ya vyuma viwili huku daktari mwenye koti jeupe akimpigia makofi. Ni ya kliniki fulani ya nje ya nchi. Wanasema watamtoa mafuta tumboni, wayachuje wapate seli shina, yaani seli changa wanazosema zaweza kugeuka seli za aina nyingine, kisha wamdunge mgongoni kwa awamu kadhaa. Wana mtu wanayemwita mratibu wa wagonjwa. Huyo humpigia mume wangu karibu kila jioni, humwita "kaka", humuuliza mpaka habari za watoto. Sasa wamemwambia akilipa malipo ya awali kabla ya mwezi kwisha atapata punguzo.

Fedha hizo hatuna. Tulicho nacho ni kiwanja tulichonunua kabla ya ajali, pamoja na akiba ya shule za watoto. Yeye anataka tuuze kiwanja.

Tulikwenda kumuuliza daktari wake. Alizitupia macho karatasi zile, akasema, "Hakuna kitu hapo, msipoteze pesa," akaita mgonjwa mwingine. Tulipotoka mume wangu akasema madaktari wetu wamepitwa na wakati. Ananiambia kuna Mjapani alipewa Tuzo ya Nobeli kwa sababu ya seli hizi, na kwamba huko Japani waliopooza wameanza kusimama. Nikatafuta habari hizo nikakuta si uongo, ndiyo maana nimechanganyikiwa zaidi. Shemeji yangu naye anasema nisimkatishe ndugu yake tamaa: seli ni zake mwenyewe, zisipomfaa hazitamdhuru.

Juzi nilimwomba tusubiri kwanza. Alinijibu taratibu, bila hata hasira: "Wewe umeshazoea kuniona kwenye kiti. Mimi sijazoea." Tangu hapo usingizi umenipaa, kwa sababu naogopa amesema kweli. Na binti yetu wa miaka 11 ameshawatangazia wenzake darasani kwamba baba atatembea.

Nikikataa, nitabaki kuwa mke aliyemzuia mumewe kupona. Nikikubali na isifae, tutakosa kiwanja na matumaini kwa pamoja. Nifanyeje, mama?

Mke Niliyekwama

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa mzigo, na pole kwa baba watoto pia.

Umeniuliza kama umkubalie au umkatalie. Lakini barua yako imebeba mambo matatu yaliyosokotana: kama tiba hiyo inafanya kazi, kama kiwanja kiuzwe, na lile neno la juzi. Hilo la tatu ndilo linalokukesha, nami nitalifikia. Niache nianze na tiba, kwa sababu ndani yake kuna ukweli uliochanganywa na mengine, na mkibishana kabla ya kuvitenganisha kila mmoja wenu atakuwa na nusu ya haki na hakuna atakayemsikia mwenzake.

Kuhusu Mjapani, mumeo hajadanganywa. Ni Shinya Yamanaka wa Chuo Kikuu cha Kyoto. Mwaka 2006 alionyesha kwa seli za panya, na 2007 kwa seli za binadamu, kwamba seli ya kawaida ya ngozi inaweza kurudishwa katika hali ya uchanga, ikawa na uwezo wa kugeuka seli ya moyo, ya neva, ya jicho. Mwaka 2012 alipewa Nobeli pamoja na Mwingereza John Gurdon. Na la waliopooza nalo lina msingi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Keio jijini Tokyo walipandikiza seli changa za neva zilizotengenezwa kwa njia hiyo, milioni 2 kwa kila mtu, kwenye uti wa mgongo wa wagonjwa 4. Machi 2025 walieleza kwamba wawili walipata nafuu ya kuonekana, na mmoja wao akaweza kusimama na kuanza mazoezi ya kutembea.

Sasa yatazame yale ambayo habari hizo huyapita mbio. Wagonjwa wale walipandikizwa kati ya wiki 2 na 4 tangu kuumia. Huo ni muda ambao mwili wenyewe bado unajaribu kurudisha unachoweza, hivyo ni vigumu kujua nafuu ipi ililetwa na seli na ipi ingekuja yenyewe. Baba watoto ana miaka mitatu. Kovu limeshajijenga mahali pa jeraha, na kovu hilo ndilo linalowasumbua watafiti mpaka leo. Tena, seli anazouziwa na kliniki si hizo za Kyoto wala za Tokyo. Seli za mafuta ya tumboni ni za aina nyingine. Zina namna ya kutuliza uvimbe na kutoa kemikali zinazosaidia tishu zilizo jirani, lakini hakuna aliyeonyesha kwamba ukimdunga mtu mgongoni zitageuka neva na kuiunganisha upya miguu yake. Nobeli ile ni ya kweli, ila haikutolewa kwa ajili ya sindano hiyo.

Nisiwe mchoyo wa habari njema. Seli za mafuta zimeshajaribiwa kwa waliopooza katika Mayo Clinic ya Marekani, na matokeo yalichapishwa mwaka 2024: wagonjwa 10, na 7 kati yao walipanda walau daraja moja kwenye kipimo cha hisia na nguvu za misuli, bila madhara makubwa. Mumeo akikutajia hilo, usilikane. Mwambie tu kwamba lilikuwa jaribio la awali, la kuangalia usalama, na hapakuwa na kundi lingine la wagonjwa la kulinganishia. Watafiti wenyewe walisema wazi kwamba kazi bado mbichi. Mratibu hatakisoma kipande hicho kwenye simu.

Nawe usije ukadhani seli shina zote ni ubabaishaji, ukamjibu hivyo. Upandikizaji wa uboho wa mifupa ni tiba ya seli shina, na Mmarekani E. Donnall Thomas, aliyeanza kuufanya miaka ya 1950, alipata Nobeli mwaka 1990. Leo unaokoa watu wenye saratani ya damu na wenye selimundu. Unafanya kazi kwa sababu seli zile zinafanya kazi zilizozaliwa nazo: zikiingia kwenye mshipa zinajitafutia njia mpaka ndani ya mfupa, zinaanza kutengeneza damu. Ulaya iliidhinisha mwaka 2015 tiba ya seli shina kwa jicho lililoungua. Zilizothibitishwa ni chache, na kila moja ina ugonjwa wake. Kwa hiyo hebu fungua tena ukurasa wa kliniki ile uangalie wanatibu nini kingine. Ukikuta sindano hiyohiyo inatibu kisukari, usonji, magoti, figo, kiharusi na uti wa mgongo, muonyeshe mumeo umuulize anaonaje. Yeye ni mhasibu, hesabu isiyokaa sawa anaijua kwa macho.

Shemeji yako namheshimu kwa upendo wake, lakini hapo kwenye "seli ni zake, hazitamdhuru" amekosea. Mwaka 2014 madaktari waliandika habari za mwanamke aliyeumia uti wa mgongo akiwa na miaka 18. Miaka mitatu baadaye alipandikizwa mgongoni tishu kutoka ndani ya pua yake mwenyewe. Miaka 8 ikapita, akaanza kuumwa mgongo, na alipofanyiwa upasuaji walikuta uvimbe umeota ndani ya uti wa mgongo, una tishu za puani zinazotoa ute. Seli zilikuwa zake, nazo zilifanya kazi ya pua mahali pasipo pua. Mwaka 2017 zikaripotiwa habari za wanawake watatu waliodungwa machoni, huko Florida, seli zilizotolewa kwenye mafuta yao wenyewe. Walilipa dola 5,000 kila mmoja, wakadungwa macho yote mawili, na uwezo wa kuona ukawapotea vibaya. Utaratibu ule ulikuwa umeorodheshwa kwenye sajili ya majaribio ya tiba ya serikali ya Marekani. Kuorodheshwa huko hakukuwa idhini, ila mgonjwa angejuaje?

Sisemi hivyo nikutie hofu kupita kiasi. Wengi wanaodungwa seli za mafuta hawapati msiba kama huo. Kinachowapata zaidi ni kurudi nyumbani walivyokuwa, mfukoni hamna kitu. Na wapo wanaojisikia nafuu kwa muda, kwa sababu ya mazoezi makali wanayofanyishwa huko, au kwa sababu mtu aliyetoa vyote hujitahidi kuhisi kitu. Kijana wa kwenye video huenda kweli alisimama. Hatujui aliumia lini, kwa kiasi gani, wala kama angesimama bila sindano.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo, mwanangu. Barua nzima umechukulia kwamba mumeo anatafuta kutembea. Je, umewahi kumuuliza? Mwaka 2004 mtafiti Kim Anderson alichapisha majibu ya watu 681 wenye majeraha ya uti wa mgongo, walioulizwa ni kitu gani kikirudi kitabadilisha zaidi maisha yao. Waliopooza mikono na miguu walitaja kwanza mikono. Waliopooza miguu tu, kama baba watoto, walitaja kwanza tendo la ndoa. Pande zote mbili ziliweka juu suala la kudhibiti mkojo na choo. Kutembea hakukushika nafasi ya kwanza kwa upande wowote. Nawe umeniandikia habari za vidonda, mpira wa mkojo, kiwanja, shule, na hukuandika hata mstari mmoja kuhusu chumbani kwenu. Sikulaumu, hayo si rahisi kuyaandika. Ila inawezekana mwanamume anayeshika simu usiku wa manane, na mkewe kalala pembeni, anatafuta kitu ambacho hajui atakianzaje kukisema.

Muulize, siku ambayo hamjabishana: "Ikiwa kitarudi kimoja tu, ungetaka kipi?" Kisha nyamaza, hata kama jibu litachelewa. Akitaja mkojo au unyumba, kuna madaktari wa njia ya mkojo wanaoyashughulikia hayo leo. Dawa za nguvu za kiume zinazoandikwa na daktari zimewafaa wanaume wengi wenye majeraha ya uti wa mgongo, na kibofu kinachobana ovyo kina dawa na hata sindano zilizothibitishwa. Akisema ni miguu, basi ni miguu. Mwamini, usimpangie cha kutamani.

Sasa lile neno la juzi. Unaogopa amesema kweli kwamba umezoea. Na kama umezoea, kuna ubaya gani? Kuamka usiku kumgeuza, ukalala, ukaamka tena, miaka mitatu, asiyezoea hawezi. Mbona hata yeye anahamia kwenye kiti bila kukusubiri? Mimi silisikii neno lile kama hukumu juu yako. Nalisikia kama mtu anayesema yuko peke yake kwenye jambo fulani. Na huenda hata imani yake si kubwa kama unavyodhani. Anayeamini kabisa hana haja ya kuirudia video ileile kila usiku. Je, kama anatafuta mtu wa kuipekua pamoja naye, badala ya mtu wa kumkubalia au kumkatalia?

Ukikataa moja kwa moja, hatari unaijua: atakwenda kwa msaada wa ndugu yake, au atabaki na wewe mkononi mwake kama sababu ya kila kitu. Ukikubali ili yaishe, utaweka sahihi kwa kitu usichokiamini, na kikishindikana utakuwa na maneno ya kumwambia ambayo si mazuri. Kusubiri nako kuna gharama, kwa sababu kwake "tusubiri" inasikika kama "hapana" ya adabu. Mkisubiri, basi pawe na kinachofanyika. Tafuteni majaribio halali yanayopokea watu walioumia zamani. Hayo kwa kawaida hayamtozi mgonjwa fedha za tiba inayojaribiwa, yana kamati ya maadili inayoyasimamia, na yanakwambia kwa maandishi kwamba huenda usipate faida. Na jueni kwamba majaribio mengi humkataa aliyekwisha kudungwa seli kwingine. Akitumia nafasi yake sasa, anaweza kujifungia mlango wa kesho. Sidhani mratibu amemwambia hilo, na mumeo ana haki ya kulijua.

Mkiamua kwenda, na wapo wanandoa wanaoamua hivyo wakiwa na macho wazi, msiende kwa fedha za kumtunza. Zitengeni kwanza za mipira ya mkojo, dawa na matibabu ya mwaka mzima, na za shule, ndipo muone kinachobaki. Apigwe picha ya MRI kabla, ili baadaye pawe na cha kulinganisha. Safari ndefu kwa aliyepooza ina vidonda vyake na hatari ya damu kuganda miguuni, hivyo daktari wake lazima ajue.

Huyo daktari naye mrudieni. Alichosema huenda kilikuwa sahihi, lakini alikisema akiwa mlangoni, wakati mratibu ana saa nzima kila jioni. Ombeni muda wa kutosha, mwende na karatasi za kliniki, mumeo aulize mwenyewe. Na kliniki iulizwe kwa maandishi: imetibu wangapi walioumia kwa kiwango chake na kwa muda kama wake, wangapi hawakupata nafuu, matokeo yamechapishwa wapi, nani anawakagua, ikitokea shida nani anagharamia. Punguzo la mwisho wa mwezi nalo liulizwe sababu. Jeraha la miaka mitatu halibadiliki kwa kuwa tarehe imepinduka, na tiba inayoharakishwa na kalenda ya malipo ningeitazama mara mbili.

Binti yenu aambiwe na baba yake, si na wewe. Inatosha akimwambia kwamba kuna tiba wanaichunguza, hawajui kama itafaa, na vyovyote itakavyokuwa atabaki baba yuleyule. Huenda akihangaika kulitamka hilo kwa mtoto, atajisikia mwenyewe anavyoamini.

Kiwanja sikusemei. Ni chenu wawili, na mnazijua hesabu zenu. Ukipata majibu ya kliniki niandikie, hasa la swali moja ambalo wengi husahau kuuliza: akipata homa au maumivu ya mgongo wiki moja baada ya kurudi nyumbani, mtampigia nani, na huyo atapokea?